Bar ngapi, PSI ngapi, mita ngapi? Maswali ya presha yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuuza na kufunga pampu za maji. Haipiti siku bila mtu kuingia dukani na picha kwenye simu, karatasi ya mwongozo au kipande cha bomba kilichopasuka, akauliza namba hii ni sawa na ile ngapi. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia, pamoja na machache ya majirani zangu: fundi tairi wa ng'ambo ya barabara na muuguzi wa zahanati iliyo nyuma ya duka.

Kwanza jina. Vitabu vya fizikia vinasema kanieneo, hospitalini wanasema shinikizo, kwenye habari za hali ya hewa utasikia mgandamizo. Dukani ni presha, basi na hapa ni presha. Bar ni kipimo chake kimoja, na PSI (pauni kwa inchi ya mraba) ni kingine.

Sina muda, nipe namba tu.

Haya:

Bar 1 = PSI 14.5 = kilopaskali 100 = megapaskali 0.1 = mita 10.2 za maji = milimita 750 za zebaki

PSI 1 = bar 0.069 = kilopaskali 6.9 = mita 0.70 za maji

Mita 1 ya maji = bar 0.098 = PSI 1.42 = kilopaskali 9.8

Kilo 1 kwa sentimita ya mraba = bar 0.98 = PSI 14.2 = mita 10 za maji

Milimita 10 za zebaki = kilopaskali 1.33

Hewa ya usawa wa bahari (angahewa 1) = bar 1.013 = PSI 14.7 = milimita 760 za zebaki

Kama huna kikokotoo, shika namba saba. Chukua PSI, zidisha kwa 7. PSI 40 mara 7 ni 280: basi ni kilopaskali 280, au bar 2.8, au mita 28 za maji. Jibu moja, unasogeza nukta tu. Kosa lake halifiki asilimia mbili, na geji nyingi za bei ya kawaida zinakosea kuliko hapo.

Mita ni urefu. Inakuwaje presha ipimwe kwa mita?

Chukua mpira mwembamba wenye tundu la eneo la sentimita moja ya mraba. Usimamishe wima, urefu wa mita 10, uujaze maji. Umemimina kiasi gani? Sentimita za ujazo 1,000, yaani lita moja. Lita moja ya maji ina kilo moja. Kwa hiyo kule chini kabisa, kila sentimita ya mraba imebeba kilo moja. Ukitaka kuihisi, ukucha wa kidole cha mwisho una eneo la kama sentimita moja ya mraba. Uwekee juu yake pakiti ya sukari ya kilo moja. Huo ndio mzigo unaobebwa na kila ukucha chini ya mita 10 za maji.

Kilo moja kwa sentimita ya mraba ni karibu sana na bar moja, ila imepungua kidogo, ni bar 0.98. Ndiyo maana bar kamili inadai mita 10.2 na si 10.

Paskali yenyewe ni kidogo mno: ni nguvu ya nyutoni moja iliyotandazwa kwenye mita nzima ya mraba. Jina ni la Mfaransa Blaise Pascal, na lilipitishwa rasmi kuwa jina la kipimo mwaka 1971. Kwa udogo wake, kwenye mabomba hutaiona peke yake. Utaiona ikiwa na kilo au mega mbele.

Nikiondoa tanki la lita 1,000 nikaweka la lita 5,000, presha itapanda?

Haipandi. Najua nikisema hivi nusu ya wateja hawaniamini, na wapo waliokwenda kununua tanki kubwa dukani kwa jirani kisha wakarudi kwangu kutafuta pampu.

Rudi kwenye ule mpira wa mita 10. Sentimita ya mraba iliyo chini inabeba maji yaliyo juu yake tu. Maji yaliyo pembeni yamebebwa na sentimita nyingine. Ukiupanua mpira ukawa mpana kama tanki, umeongeza maji, lakini umeongeza na sentimita za kuyabeba. Kila moja inabaki na kilo yake ileile. Tanki kubwa linakupa siku nyingi za maji. Presha inatoka kwenye urefu kutoka uso wa maji hadi pale maji yanapotokea.

Tupige hesabu ya nyumba ya kawaida. Stendi ya mita 3, maji ndani ya tanki yamefika mita 1.5, jumla mita 4.5 kutoka ardhini. Bomba la mvua la bafuni liko mita 2 kutoka ardhini. Tofauti ni mita 2.5. Gawa kwa 10.2, unapata bar 0.25, au PSI 3.6. Maji yatashuka, ila usitegemee yakuchape mgongo. Na tanki likifika nusu umeshapoteza sentimita 75 nyingine.

Mama mmoja alikuja akilalamika kwamba bafu la ghorofani linatoa maji kama machozi. Tanki lake lilikuwa jipya, kubwa, zuri, limekaa juu ya dari sentimita 60 tu juu ya kichwa cha bomba. Sentimita 60 ni bar 0.06. Hakuna koki duniani itakayotengeneza kitu hapo. Tulichofanya ni kuinua tanki mita 3, na ingekuwa si nguzo za nyumba kuruhusu tungeishia kwenye pampu.

Pampu yangu imeandikwa H max 40 m. Ni bar ngapi?

40 gawa kwa 10.2 ni bar 3.9, sawa na PSI 57. Lakini isome vizuri hiyo "max". Ni urefu ambao pampu ikifika hapo maji yanasimama, hayatoki hata tone. Na Q max iliyo pembeni yake ni lita inazotoa pale ambapo haipandishi kitu chochote. Namba zote mbili ni za kweli, ila hazitokei pamoja. Ni kama mtu anayeweza kubeba gunia la kilo 100 na anayeweza kukimbia. Usimtegemee akimbie na gunia.

Kwa kukadiria bila mchoro wa kiwandani, mimi humwambia mteja asipange kazi inayozidi theluthi mbili ya H max. Pampu ya 40 m ifanye kazi kwenye mita 25 hivi, yaani bar 2.5. Hiyo ni kanuni yangu ya dukani. Ukiwa na mchoro wa pampu yenyewe, fuata mchoro.

Lita 50 kwa dakika ni bar ngapi? Na nguvu farasi moja?

Hazibadilishiki. Lita kwa dakika ni wingi wa maji yanayopita, bar ni msukumo, nguvu farasi ni kazi inayofanyika kwa muda. Ukimkuta mtu mtandaoni ana jedwali la kugeuza lita kuwa bar, lifunge hilo jedwali.

Bomba limeandikwa PN 10. Inavumilia urefu gani?

Namba iliyo mbele ya PN ni bar, kwa maji ya baridi ya nyuzi 20 hivi. PN 6 ni mita 61, PN 10 ni mita 102, PN 16 ni mita 163. Mabomba ya plastiki ya mtindo wa zamani wa Kiingereza, ambayo Kenya bado yanatajwa sana, yana herufi: Class B ni bar 6, C ni 9, D ni 12, E ni 15. Maji yakiwa ya moto hesabu inashuka, usiyaguse mabomba haya kwa hita.

Sasa niwape kisa, maana namba hizi nilizijua kwa gharama. Miaka yangu ya mwanzo nilipewa kazi ya kupandisha maji kutoka kisima kilichoko bondeni hadi tanki lililoko kilimani. Mteja alikuwa na altimita kwenye simu, ikasema tofauti ni mita 80. Mimi nikaangalia pampu, pampu ikatosha. Bomba nikachukua PN 6 kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu na roli zilikuwepo dukani. Sikugawa 80 kwa 10.2. Ningegawa ningepata bar 7.8, na hiyo ni kabla maji hayajaanza kutembea.

Lilivumilia wiki tatu. Bomba haliandikwi bar 6 halafu likapasuka kwenye 6.1, kiwandani wanaacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyonidanganya. Jioni moja umeme ulikatika pampu ikiwa inafanya kazi. Maji yaliyokuwa yanapanda mlima yalisimama, yakageuka, yakashuka na kuigonga valvu ya kuzuia maji kurudi. Mlinzi alisema alisikia kitu kama mlango wa bati umepigwa teke. Bomba lilichanika urefu wa mkono, mita chache tu kutoka kisimani, yaani pale chini kabisa ambako presha ni kubwa kuliko kote. Kule juu karibu na tanki bomba lilelile lilikuwa zima kabisa, na hata leo lingekuwa zima.

Hapo nilijifunza mambo mawili. La kwanza, bomba la mlimani si lazima liwe la daraja moja kote: chini weka PN 16, katikati PN 10, juu PN 6, na mteja anaokoa fedha. La pili, kile kishindo cha maji hakimo kwenye hesabu ya mita, lazima ukiachie nafasi.

Fundi mzee anasema "weka kilo tatu". Anamaanisha nini?

Anamaanisha kilo 3 kwa sentimita ya mraba. Ni lugha ya geji za zamani, zile zilizoandikwa kg/cm². Kilo 3 ni bar 2.94. Kwa kazi ya maji ya nyumbani, kilo na bar ni kitu kimoja, msigombane. Kwenye mashine kubwa ya hidroliki tofauti inaonekana: kilo 200 ni bar 196.

Geji ina namba za duara mbili. Nisome zipi?

Yoyote, mradi ujue umesoma ipi. Geji nyingi zina duara moja la bar na jingine la PSI, kwa rangi tofauti, nyeusi na nyekundu. Mshale ni mmoja. Rangi hazifuati sheria moja, kwa hiyo usikariri kwamba nyekundu ni PSI. Tafuta herufi ndogo zilizoandikwa katikati ya uso wa geji, zimechapwa kwa rangi ileile ya namba zake.

Ndani ya geji hakuna umeme wala maajabu. Kuna kijibomba bapa cha shaba kilichopindwa kama mundu. Presha ikiingia, mundu unataka kunyooka, ncha yake inavuta kijino, kijino kinazungusha mshale. Aliyepata hataza yake ni Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, na mpaka leo geji unayomnunulia mteja kwa elfu chache ni ubunifu uleule.

Ushauri wa kununua: chagua geji ambayo namba yako ya kila siku inaangukia katikati ya uso. Kwa pampu ya bar 3, nunua ya bar 6. Ile ya bar 16 haikosei, ila huwezi kuona tofauti ya 2.8 na 3.1 kwa macho.

Mashine ya kufulia imeandikwa 0.03–0.8 MPa. Mimi nina tanki la darini. Itajaa?

Megapaskali mara 10 ni bar. Basi ni kuanzia bar 0.3 hadi bar 8. Bar 0.3 ni mita 3 za maji. Pima kutoka uso wa maji kwenye tanki hadi pale mpira unapoingia nyuma ya mashine. Ukipata mita 3 au zaidi, sawa. Ikiwa ni mita 2, mashine itavuta muda mrefu kujaa, halafu itaanza kulia na kuonyesha kosa, na utaambiwa imeharibika wakati haina tatizo. Zipo mashine zinazoanzia 0.05 MPa, hizo zinataka mita 5. Soma karatasi kabla ya kulipa.

Nukta ya MPa imewapoteza wengi. 0.3 na 0.03 zinafanana kwa mtu aliyechoka, lakini moja ni mita 30 na nyingine ni mita 3.

Swichi ya presha ni 1.4–2.8. Tanki la presha nijaze upepo kiasi gani?

Hizo ni bar. Kwa PSI ni 20 na 40: maji yakishuka hadi 20 pampu inawaka, yakifika 40 inazima. Upepo wa ndani ya tanki uwe chini kidogo ya namba ya kuwasha, punguza bar 0.2. Kwa swichi hii weka bar 1.2, ambayo ni PSI 17 au 18.

Upime kwa geji ya tairi, pampu imezimwa na maji yametolewa yote kwenye tanki. Ukipima maji yakiwemo, geji itakusomea presha ya maji, utafurahi bure. Tanki lisilo na upepo ndilo linalofanya pampu iwake na kuzima kila unapofungua koki kunawa mikono.

Geji inasoma sifuri. Je, hakuna presha kabisa?

Ipo. Sifuri ya geji ni hewa inayotuzunguka. Sote tunaishi chini ya bahari ya hewa yenye uzito wa bar moja hivi, na geji imetengenezwa isiihesabu, kwa sababu inasukuma nje na ndani kwa usawa. Kinachosomwa kwenye geji ni ziada tu. Ukitaka presha kamili, jumlisha ya hewa: bar 3 ya geji ukiwa Dar es Salaam ni bar 4 kamili na kidogo. Kwa Kiingereza cha kwenye karatasi za mitambo utaona psig kwa ya geji na psia kwa kamili. Anayechanganya hizo mbili anakosea kwa PSI 14.7 nzima.

Na hewa yenyewe si sawa kila mahali. Pwani ni bar 1.01. Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ni kama bar 0.83. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, imebaki karibu nusu. Wazo hili lilipimwa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Septemba 1648, pale shemeji yake Pascal, Florin Périer, alipopanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa na bomba la kioo lenye zebaki, akaona zebaki inashuka kadiri anavyopanda.

Kwa mabomba ya nyumbani huhitaji presha kamili hata siku moja. Inakuja kwenye mambo mawili: hesabu za gesi iliyobanwa, na kuvuta maji, ambalo ni swali linalofuata.

Pampu ina H max 40 m lakini haivuti maji ya kisima cha mita 12. Imekufa?

Haijafa. Kusukuma ni jambo moja, kuvuta ni jingine. Kwa kweli pampu haivuti. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, halafu hewa ya nje inayakandamiza maji ya kisimani na kuyapandisha. Hewa ya pwani ina bar 1.013, zidisha kwa 10.2, unapata mita 10.3. Huo ndio mwisho wa dunia kwa pampu yoyote inayokaa juu ya kisima, hata uifunge mota ya treni. Mtaliano Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638, na baada yake Mtaliano mwenzake Torricelli, mwaka 1643, akalielezea kwa zebaki, ambayo ni nzito mara 13.6 kuliko maji na hivyo husimama milimita 760 tu.

Hiyo 10.3 ni ya vitabuni. Toa msuguano wa bomba, toa hewa inayopenya kwenye maungio, toa mvuke wa maji yenyewe; kazini hesabu mita 7 ukiwa pwani. Nairobi, ambako mwisho wa vitabuni ni mita 8.5, hesabu mita 5. Wateja wa nyanda za juu ndio wanaolaumu pampu zaidi, na pampu haina kosa.

Kisima cha mita 12 kinataka pampu ya kuzamisha. Ikiwa chini ya maji inasukuma, na kusukuma inaweza.

Tairi imeandikwa 300 kPa, mashine ya upepo inasoma PSI. Nijaze ngapi?

Gawa kilopaskali kwa 7 (kamili ni 6.9). 300 ni PSI 43 au 44. Lakini fundi tairi jirani yangu ananiomba niandike hili kwa herufi kubwa, nami nakataa kwa sababu herufi kubwa ni kelele: namba iliyoko ubavuni mwa tairi ni mwisho wa tairi hilo, si upepo wa gari lako. Wa gari lako uko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Gari dogo ukikuta PSI 32, ni bar 2.2 au kilopaskali 220. Lori la PSI 120 ni bar 8.3. Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa limepoa.

Presha yangu ya mwili ni 120/80. Ni ileile presha ya mabomba?

Ileile, kipimo tu ndicho tofauti. Ni milimita za zebaki, kwa sababu mashine za kwanza zilikuwa na safu ya zebaki yenyewe. 120/80 ni kilopaskali 16 kwa 10.7. Kwa lugha ya dukani, 120 ni bar 0.16, au mita 1.6 za maji. Mwaka 1733 Mwingereza Stephen Hales alichapisha jinsi alivyounganisha bomba la kioo na mshipa wa farasi, damu ikapanda futi 8 na inchi 3, ambazo ni mita mbili na nusu. Siku hizi tunafungwa kitambaa mkononi, tushukuru.

Hesabu ya mita inaeleza pia kwa nini muuguzi anakwambia uweke mkono mezani, usawa wa moyo. Mkono ukishuka sentimita 10, umeongeza sentimita 10 za damu, na hizo zinapandisha kipimo kwa karibu milimita 8 za zebaki. Ukiuning'iniza kando ya kiti, mtu wa 130 anaweza kusomeka zaidi ya 140 akaanza kuogopa.

Regyuleta ya jiko la gesi imeandikwa 30 mbar.

Mbar ni sehemu moja ya elfu ya bar. Basi ni bar 0.03, kilopaskali 3, au sentimita 30 za maji, karibu urefu wa rula ya mwanafunzi. Ni presha ndogo sana, wakati ndani ya mtungi kuna bar kadhaa. Ndiyo maana jiko halifungwi kwenye mtungi bila regyuleta yake.

Na kama si maji? Nina tanki la dizeli.

Zidisha kwa uzito wake ukilinganisha na maji. Dizeli ni kama 0.84. Mita 10 za dizeli ni bar 0.98 mara 0.84, unapata 0.82. Maji ya bahari ni 1.025, na ndiyo sababu wapiga mbizi wa Zanzibar wanahesabu bar moja kwa kila mita 10 bila kuhangaika na nukta. Kosa linalotokea ni kuchukua H max ya pampu na kudhani itabadilika kwa dizeli. Urefu unabaki uleule. Bar ndizo zinazopungua.

Programu ya simu imenipa jibu tofauti na lako.

Angalia vitu viwili. Kama tofauti ni asilimia moja au mbili, mimi nimekadiria na simu haijakadiria, yote sawa. Kama jibu la simu ni kubwa mara 13 na zaidi, au dogo mara hizo, umegusa inHg badala ya inH2O. Moja ni inchi za zebaki, nyingine ni inchi za maji, na kwenye orodha hukaa jirani.

Tanki langu liko mita 6 juu, geji inasoma 0.4. Hesabu yako imekosea?

Mita 6 ni bar 0.59. Funga koki zote kwanza, usome tena. Maji yakitembea, msuguano wa bomba unakula presha, yakisimama, yanarudisha. Ikibaki 0.4, upungufu ni bar 0.19, karibu mita 2. Zitafute hizo mita 2: mara nyingi geji imefungwa ukutani usawa wa macho, nawe ulipima kutoka ardhini, na maji kwenye tanki yako chini kuliko unavyodhani.

Ukizikosa, iache geji. Chukua mpira wa maji unaoona ndani, uuchomeke kwenye koki iliyo karibu na geji, mtu apande ngazi na ncha ya juu ikiwa wazi. Fungua koki polepole. Maji yatapanda ndani ya mpira yatulie yenyewe. Shusha futi kamba kutoka hapo hadi kwenye geji, gawa mita kwa 10.2. Ikisoma 0.59 na geji inasema 0.4, njoo nikuuzie geji.